Nyota au jembe? Habari za binti wa Tetu

Huku kwetu Pwani mtu akinyanyuka katika maisha hatuchelewi kusema kwamba nyota yake kali. Akianguka, husemwa kafanyiwa jambo, au kijicho kimempata. Ni mara chache sana kusikia barazani mtu akiuliza: je, huyu aliyefaulu huamka saa ngapi, hufanya nini anapokatazwa, na ameshindwa mara ngapi kabla sisi hatujamjua? Maswali hayo hayana utamu wa habari za nyota, na labda ndiyo sababu hayaulizwi.

Basi leo, msomaji mpenzi, tuiache kidogo minazi yetu tupande hadi nchi ya baridi, Giakanja, katika sehemu za Tetu, nje ya mji wa Nyeri. Ni nchi ya udongo mwekundu. Kahawa huku chini na majani chai kule juu panapokaribia msitu wa Aberdare, na asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana waziwazi. Tetu ndiko alikotoka Dedan Kimathi. Na ni Tetu hiyo hiyo, katika kijiji cha Ihithe, alikozaliwa tarehe 1 Aprili 1940 binti wa wakulima, Wangari, ambaye dunia nzima ilikuja kumjua kwa jina la Profesa Wangari Maathai.

Wengi twamjua kwa Tuzo ya Amani ya Nobel aliyoipata mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Mimi nataka kusema zaidi juu ya yale yaliyomharibikia, kwani naona humo ndimo mlimo na mafunzo.

Kwanza, hata shule angeikosa. Wakati huo watoto wa kiume ndio waliopelekwa kusoma, na wasichana hubaki kumsaidia mama. Siku moja kaka yake, Nderitu, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akasema hapana sababu ya kutokwenda. Kwa swali hilo moja mtoto wa miaka minane hivi akaingia Shule ya Msingi ya Ihithe. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, maana siku hizi vitabu vya kufundisha watu kufaulu vimejaa madukani, na vingi husema kana kwamba mtu hujiinua kwa mikono yake peke yake. Wangari alikuwa na bidii, hilo halina ubishi. Lakini bila ya kaka aliyeuliza na mama aliyekubali, bidii hiyo ingeishia kwenye kuni na maji. Wazazi na makaka wa huku kwetu na walisikie hilo.

Kutoka hapo alisoma kwa masista wa Mathari, Nyeri, kisha Limuru, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa mamia ya wanafunzi wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Aliporudi mwaka 1966 na shahada ya pili, alikuta kazi aliyoahidiwa chuo kikuu amepewa mtu mwingine. Hakurudi kijijini kununa. Alipata kazi katika sehemu nyingine ya chuo hicho hicho, utabibu wa wanyama, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa.

Sasa tufike kwenye miti. Watu hudhani shughuli ya miti ilimchanulia tangu siku ya kwanza. Sivyo. Kati ya miaka ya sabini alianzisha kampuni ndogo iitwayo Envirocare, yenye kitalu cha miche katika msitu wa Karura, Nairobi. Kampuni ilikufa. Fedha zilikosekana na miche ikakauka. Tarehe 5 Juni 1977, akiwa na akina mama wa Baraza la Taifa la Wanawake, alijaribu tena: wakapanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji. Huo ndio mwanzo wa Harakati ya Ukanda wa Kijani, ambayo baadaye ilipanda miti zaidi ya milioni 50. Saba! Katika biashara yo yote ya leo, mtu akianza na saba angechekwa.

Kilichogeuza mambo, kwa maoni yangu, ni desturi moja ndogo. Akina mama wa vijijini walioitikia wito waliotesha mbegu kwa maarifa yao wenyewe, katika vyungu vilivyovunjika na vyombo vibovu, ingawa wataalamu walisema kazi ya miti yataka watu wenye diploma. Kila mama alilipwa senti nne za Kimarekani kwa mche mmoja. Lakini hakulipwa kwa mche aliouotesha, wala kwa ule alioupanda. Alilipwa kwa mche uliopandwa ukashika na kuishi. Basi ikabidi watu warudi kutazama, kumwagilia, kuweka ua mbuzi asile, na kuhesabu.

Hebu jipime kwa desturi hiyo. Ni mangapi tuliyoyaanza kwa shangwe, yakapigwa picha na kunywewa sharubati, na leo hayapo? Ushirika wa wavuvi, duka la vijana, darsa la jioni. Sisi ni hodari wa kufungua. Dini imetufunza kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha mtu au ndege akala katika mti ule, huandikiwa sadaka. Lakini ndege hali tunda la mche uliokauka wiki ya pili.

Haidhuru, tusijidharau. Pale Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, wanakijiji wenyewe walianzisha mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja. Hutunza mikoko yao, wakalipwa kwa hewa chafu ambayo miti ile huizuia, na mapato yamesaidia maji na shule. Huko nako hulipwa kilicho hai na kikapimwa.

Turudi kwa Wangari. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee kiti cha Bunge huko kwao Nyeri. Akazuiwa kugombea kwa hoja ya kutoandikishwa vizuri kama mpiga kura. Alipotaka kurudi chuoni siku hiyo hiyo, akaambiwa nafasi yake imekwisha jazwa. Katika umri wa miaka 41 hana kazi, hana nyumba ya chuo, na ndoa ilikuwa imekwisha vunjika. Mtu wa namna hiyo, huku kwetu, angepelekwa kwa mganga. Yeye alikaa katika ofisi ya miti, akaandika barua za kuomba msaada. Mwaka huo ndio harakati yake ilipopata fedha za kutosha kutoka ng'ambo na kupanuka. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru. Akatukanwa hadi Bungeni, na jengo halikujengwa.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi, na ukaidi una gharama yake. Wala kufaulu si cheo mtu akifika akakaa. Watu wa Tetu walimchagua Bungeni mwaka 2002 kwa asilimia 98 ya kura, na mwaka 2007, miaka mitatu tu baada ya Nobel, watu hao hao wakamnyima. Aliendelea na miti yake hadi alipofariki tarehe 25 Septemba 2011.

Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa njiani kutoka Nairobi kwenda Nyeri, simu ikaja kutoka Norway kumpa habari ya tuzo. Waandishi walimkuta katika hoteli ya Outspan, mjini Nyeri. Badala ya kuitisha karamu aliomba mche. Akaletewa mche wa kibobakasi, akapiga magoti katika udongo ule mwekundu, akachimba, akaupanda mbele ya Mlima Kenya, kisha akaumwagia maji.