Farasi mkaidi aliyelipa gharama za uvumilivu

JANUARI 1983, katika uwanja wa Kempton Park karibu na London, farasi mchanga wa kijivu aitwaye Desert Orchid alianguka kwenye kiunzi cha mwisho cha mbio zake za kwanza. Alikuwa amevuta hatamu na kukimbia kwa pupa hadi nguvu zikamwishia. Alilala chini muda mrefu, na watu wakadhani mambo yake yamekwisha.

Kwa wamiliki wake, familia ya Burridge, hilo lilikuwa pia suala la hesabu. Bibi wa farasi huyo, Grey Orchid, alinunuliwa kwa pauni 175 tu. Lakini bei ya kununua ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Kila mwezi farasi anakula, anatibiwa na kulipiwa mkufunzi, ashinde asishinde.

Katika mbio za tambarare, dume bora hustaafu akaenda kuzalisha, na ada za kupandisha zinaweza kuzidi zawadi zote alizopata uwanjani. Mbio za kuruka viunzi ni tofauti. Madume wengi huhasiwa wangali wadogo ili watulie na wadumu, na Desert Orchid alikuwa mmoja wao. Farasi wa namna hiyo hana mbegu ya kuuza. Akivunjika mguu leo, mtaji umepotea.

Ndiyo maana ukaidi wake ulikuwa hatari. Farasi anayeshindana na mpandaji hupoteza nguvu na kuruka vibaya. Kumkaba sana nako humchosha.

Mkufunzi David Elsworth na wapandaji wake hawakujaribu kuiua hamu hiyo ya kukimbia. Waliitumia. Farasi aliachwa aongoze tangu mwanzo, mahali ambapo hakuwa na wa kumkimbiza, akaruka kwa mpangilio wake mwenyewe. Msimu wa 1983/84 alishinda mbio sita kati ya nane. Baadaye alihamishiwa kwenye vizuizi vikubwa zaidi, na Desemba 26, 1986 alishinda mbio za King George VI hapo hapo Kempton kwa tofauti ya urefu wa farasi 15, ingawa wacheza kamari wengi hawakumpa nafasi. Alizishinda tena 1988, 1989 na 1990.

Alipendelea viwanja vinavyopinda kulia. Hata hivyo, Machi 1989 alishinda Cheltenham Gold Cup katika uwanja unaopinda kushoto, kwenye tope zito. Huko aliyemtoa jasho alikuwa Yahoo, aliyempita kabla yeye hajamrudia na kumshinda karibu na mwisho.

Alistaafu Desemba 1991 baada ya kuanguka tena Kempton, akiwa ameshinda mbio 34 kati ya 70 na zawadi za zaidi ya pauni 650,000. Alikufa Novemba 2006 akiwa na miaka 27.

Si kila mnyama mkaidi ana kipaji, na mfugaji asiyepiga hesabu anaweza kufilisika akisubiri. Lakini kabla ya kumuuza mnyama kwa sababu ya tabia, ni vyema kwanza kujiuliza kama kasoro iko kwake au katika namna anavyotumiwa. Uwanja uliomwangusha Desert Orchid ndio ulimletea ushindi mara nne wa King George.