Phenergan, Stemetil, Largactil: ndugu watatu, kazi tofauti

Wadau, mabasi ya Dar kwenda Mwanza yanafika hapa Manyoni yakishapanda kona za Saranda, kwa hiyo abiria anayeomba "dawa ya kutapika" (ya kuzuia, siyo ya kutapisha!) si kitu kigeni. Ila ipi? Zipo zinazofanana kama ndugu halafu kazi haziendani.

Chukua Phenergan (promethazini), Stemetil (proklorperazini) na Largactil (klorpromazini). Zote mwili wake ni pete tatu zilizoungana, na kwenye pete ya katikati kuna salfa na naitrojeni. Kwenye hiyo naitrojeni ndiko mkia unakoanzia. Mkia wa Phenergan una kaboni 2 kabla ya kufika naitrojeni nyingine. Wa hizo mbili una 3, na pete yao imebandikwa klorini. Tofauti ndogo hiyo inahamisha kazi: Phenergan inazuia zaidi histamini, ndo maana inasaidia kichefuchefu cha gari. Wenzake wanazuia zaidi dopamini. Largactil, iliyotengenezwa Ufaransa 1950, ikawa dawa ya wagonjwa wa akili. Stemetil inafaa kichefuchefu cha ugonjwa, lakini kwa safari haisaidii sana, tena kijana anaweza kupinda shingo na macho yakageuka juu. Hajarogwa jamani, wala siyo pepo. Ni dawa hiyo, mkimbizeni hospitali.

Phenergan nayo inalaza kweli kweli. Meza kama saa moja kabla ya gari kuondoka, usichanganye na bia, dereva asiguse, na mtoto chini ya miaka 2 asipewe kabisa.