Pono, tafi na kitatange: Kamusi inapoishia kwa ‘aina ya samaki’

Jirani yangu wa Kilimani alijifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa katika bwawa la kuogelea, papa hapa Nairobi, kisha akateremka Watamu kwa siku nne kwenda kuona matumbawe. Aliporudi alinibishia mlango jioni, simu mkononi. Picha zilikuwa za kupendeza kweli: samaki wa buluu na waridi wenye midomo kama ya ndege, wengine bapa kama sahani wenye milia ya manjano, mmoja amejificha pangoni, kichwa tu nje.

“Mwalimu, hawa wote nimefundishwa majina yao kwa Kizungu,” akaniambia. “Kwa Kiswahili sijui hata mmoja. Na si ni samaki wetu?”

Nilijitia kujua. Nikafungua kamusi mbili nilizo nazo nyumbani. Pono: aina ya samaki. Kitatange: aina ya samaki. Tafi: tazama chafi. Chafi: aina ya samaki. Nikazifunga, nikamwomba jirani anipe hadi Jumamosi.

Jumamosi nilikwenda City Market, barabara ya Muindi Mbingu, katikati ya jiji. Kwa Mnairobi wa kawaida samaki ni wa ziwani: ngege, mbuta, omena na, kwa sisi tunaopitia Kawangware na Kangemi jioni, mgongo wazi uliokaangwa ukakauka. Pale sokoni, hata hivyo, huwa kuna samaki wa bahari pia. Mbele yangu mama mmoja aliuliza, “Hii samaki ni ngapi?” nami nikajizuia kumsahihisha kuwa ni huyu samaki. Muuzaji niliyemwendea ni mtu wa Mombasa. Nilimwonyesha picha za jirani. Hakufikiria hata kidogo. “Huyo wa mdomo wa kasuku ni pono, mwalimu. Si mnamwandika kwenye insha?”

Kweli tunamwandika. Hakuna mwanafunzi wa Nairobi aliyepita shule ya msingi bila kuandika kwamba fulani “alilala usingizi wa pono”. Ni tamathali tunayoitoa kama sarafu, bila kuangalia imechongwa nini. Mimi mwenyewe nimeifundisha kwa miaka mingi nikidhani pono ni samaki mvivu wa kubuni tu.

Si wa kubuni. Pono ni samaki wa miambani ambaye meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa ndege. Mchana kutwa huparuza mwani juu ya matumbawe, akisaga na mawe yake, na mabaki huyatoa yakiwa mchanga laini. Sehemu ya mchanga mweupe tunaokwenda kuukalia pwani sikukuu za Desemba imepitia tumboni mwake. Usiku ukiingia hujipenyeza kwenye ufa wa mwamba na kulala. Baadhi ya spishi hutoa ute mdomoni ukawazunguka mwili mzima mithili ya chandarua, na ulinganisho huo si wa mapambo: watafiti wamebaini kwamba ute huo huwakinga dhidi ya vimelea wanaonyonya damu usiku. Mpiga mbizi mwenye tochi aweza kumsogelea karibu kabisa asishtuke. Waingereza walimpa jina la kasuku kwa kumtazama mchana, mdomo na rangi zake. Aliyetunga msemo wetu lazima aliwahi kumwona usiku.

Basi msemo ulihifadhi maarifa ambayo kamusi haikuyahifadhi. Sitaki kuwaonea watunga kamusi. Kazi yao ni ngumu na kurasa ni chache. Lakini “aina ya samaki” si fasili. Ni sawa na kumwambia mgeni kwamba matatu ni aina ya kitu.

Habari ya tafi ilinigusa zaidi, kwa sababu ya mtoto. Rafiki yangu mmoja anayeishi Kangemi ni mzaliwa wa Mombasa. Bintiye aliandika insha kuhusu babu yake mvuvi, akasema babu alirudi na tafi watatu na tewa mmoja mkubwa. Mwalimu wake alizungushia maneno yote mawili wino mwekundu, juu yake akaandika chafi na chewa, akakata alama. Mtoto alirudi nyumbani akauliza iwapo babu hajui Kiswahili.

Babu anakijua. Katika Kimvita, na vilevile Kiamu, maneno mengi ambayo Kiunguja huyatamka kwa ch hutamkwa kwa t ya menoni. Macho ni mato, kucheka ni kuteka, mchana ni mtana, chini ni tini, nchi ni nti. Chewa kuwa tewa na chafi kuwa tafi ni kanuni ile ile ikifanya kazi yake. Wala haigusi kila ch: chakula na chombo hubaki vivyo hivyo, kwa kuwa ch yao imetokana na kiambishi ki- kukutana na irabu. Mtoto yule hakukosea sauti. Alifuata utaratibu kamili kuliko anavyojua mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi 1930. Chafi akaingia daftarini, tafi akabaki sokoni. Tena hata huko kusini mambo hayakunyooka, maana Dar es Salaam na Unguja utasikia samaki huyo huyo akiitwa tasi.

Kwenye sarufi ya msamiati usanifu una haki yake. Kwenye jina la samaki aliyevuliwa na babu, sioni kosa liko wapi. Nilimwambia rafiki yangu aende shuleni akazungumze na mwalimu, kwa heshima, maana mwalimu naye alisahihisha kwa kufuata kamusi aliyopewa.

Turudi sokoni. Yule bapa wa milia ya manjano nilielezwa ni kitatange. Picha iliyofuata, samaki mwingine kabisa wa buluu iliyokolea: kitatange. Ya tatu pia kitatange. Wapiga mbizi huwagawa samaki hawa katika koo mbili, na alama ya kuwatenganisha ni mwiba ulio shavuni mwa ukoo mmoja, karibu na matamvua, ambao ukoo wa pili hauna. Muuzaji wangu hakushughulika na mwiba. “Huyu ni wa kutazama tu,” alisema. Nadhani hapo ndipo penye siri ya majina haya. Changu, tafi na tewa wanaingia chunguni, kwa hiyo wavuvi wanawapambanua. Wasio na faida kubwa wanapewa jina moja, wanaachwa waogelee. Bunju haliwi pia, lakini jina lake mwenyewe linajulikana sana pwani, na sababu ni wazi: sumu yake huua, wala haina kiuasumu. Hapo kamusi ikisema “aina ya samaki” ikanyamaza, itakuwa imefanya hatari.

Neno moja la ngeli, kwa wanafunzi. Kitatange na vitatange wana umbo la KI-VI, na mkunga, yule wa pangoni, wingi wake ni mikunga. Upatanisho wao wote ni wa A-WA: kitatange huyu amejificha, mikunga hawa wametoka pangoni. Mkunga anayezalisha, wingi wake ni wakunga, kwa hiyo ukisikia mikunga hospitalini kimbia.

Jioni nilimpelekea jirani majina yake. Alifurahia pono, akafurahia mkunga, ila picha tatu za kitatange zilimsumbua. “Sasa nikiandika chini ya picha, nitasemaje huyu si yule?” Nilimwambia aandike kitatange wa milia, kitatange wa buluu, na yule mwenye mwiba shavuni amwite kitatange mwiba. Akaniuliza kama jina hilo limo kwenye kamusi. Nikamwambia bado.