Alibisha Hodi kwa Kiswahili

Jioni moja mtu alibisha hodi kwenye geti letu hapa Kibenga, Burundi. Kwa kawaida humjibu mgeni nikiwa dirishani, lakini huyu aliita: "Hodi, mama! Ndagala za leo, kavu kabisa!" Kilikuwa Kiswahili cha Buyenzi, nilikozaliwa. Huku Kibenga majirani tunasalimiana kwa Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili nakitamani kama chumvi mchuzini. Nikafungua, nikamuuliza habari za mtaa, nikanunua kilo mbili za dagaa hao bila hata kuonja. Nilipoziosha, mchanga ulijaa chini ya bakuli.

Kisa hicho kilinirudia juzi, mpwa wangu aliponiletea kwenye flashi tamthilia ya zamani ya Marekani, Star Trek. Tulianza na "The Man Trap", iliyoandikwa na George Clayton Johnson. Haikuwa sehemu ya kwanza kutengenezwa, ila ndiyo ya kwanza NBC kuirusha, tarehe 8 Septemba 1966. Chombo cha anga kinafika kwenye sayari wanakoishi mtaalamu wa mambo ya kale na mkewe. Kumbe mke alikwisha kufa. Anayejifanya yeye ni kiumbe anayeishi kwa chumvi, na akiikosa huinyonya kutoka mwilini mwa watu mpaka wafe. Silaha yake ni kuchukua sura ya yule unayemkumbuka: daktari wa chombo anamwona mpenzi wake wa zamani, bado kijana vilevile.

Halafu akaingia Uhura, afisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo ni letu. Alipokwenda kufanyiwa usaili, Nichols alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kuhusu Kenya, kiitwacho Uhuru, kilichotoka mwaka 1962, mwaka uleule Burundi ilipopata uhuru wake. Neno likalainishwa kidogo, likawa jina la mwanamke. Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha kazi. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa sababu watu weusi walikuwa wakijiona ndani yake.

Sasa tazama ukumbini mwa chombo. Muda mfupi kabla, Uhura amejaribu kupiga soga na Spock, afisa mwenzake, naye kamjibu kikavu kama karani wa benki. Anatoka peke yake, anakutana na kijana mweusi, mtanashati, asiyemfahamu. Kijana anamwambia kwamba ni Uhura aliyekuwa akimfikiria mtu kama yeye kijana, kisha anambadilishia lugha: Kiswahili! Mpwa wangu aliruka kitini. Mimi nilirudisha nyuma mara tatu ili nikisikie, maana matamshi yamepinda. Lakini Uhura hasahihishi sarufi. Anajibu kwa Kiswahili, macho yanalegea, na mkono wa yule kiumbe unakaribia shavu lake. Anaponea chupuchupu, wenzake wanapotokea.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia mwandishi. Watazamaji wengi wa Marekani mwaka 1966 hawakuelewa hata neno moja, lakini walielewa uso wa Uhura. Aliye mbali na kwao humnasi kwa dhahabu. Msemeshe tu lugha ya kwao.

Wala hadithi haimfanyi yule kiumbe shetani mtupu. Njaa yake ni ya kweli. Wazee wa ziwa letu wangemwelewa: chumvi ya Uvinza ilivushwa Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, watu wakaifuata kutoka mbali. Tena ni wa mwisho wa aina yake, na mwisho wa yote Kapteni Kirk anabaki akiwawaza nyati wa Marekani, waliouawa hadi wakakaribia kwisha. Nilipofika hapo niliwakumbuka viboko wetu, wanaotoka ziwani usiku kutafuta majani huku nyumba zikizidi kusogea ufukweni. Daktari anampiga kiumbe risasi ya mwanga ili kumwokoa Kirk, lakini anapompiga tena, kiumbe amerudia sura ya mpenzi wake. Ushindi huo hakuna anayeushangilia.

Yule muuza ndagala alirudi. Nilimjua kwa sauti, nikamfungulia tena, tukazungumza robo saa nzima juu ya Buyenzi, nikacheka kama sijacheka wiki nzima. Ila safari hii nilitoka na ungo mkononi, nikamwambia: "Mwanangu, tupepete kwanza."