Throto ya Pikapu Ipimwe Kabla ya Kununuliwa Nyingine

Pikapu ya chama ikianza kuzimika kila isimamapo, au kukosa nguvu mlimani, mara nyingi fundi humtajia Katibu spea moja: throto. Bei yake si ndogo, na fedha ni za wanachama. Kwa hiyo yafaa Katibu akielewe kifaa hiki kabla Bodi haijaidhinisha malipo.

Throto ni bomba fupi lililo kati ya chujio la hewa na injini. Ndani yake mna kisahani kizungukacho, ambacho mafundi hukiita kipepeo, nacho ndicho kipimacho hewa iingiayo. Katika magari ya zamani kipepeo kilivutwa na waya wa pedeli. Katika magari ya petroli ya siku hizi, kama Toyota Hilux yenye injini ya 2TR-FE, pedeli hupeleka habari kwa kompyuta ya gari, nayo huiamuru mota ndogo ikizungushe. Sensa mbili hupima kipepeo kimefunguka kiasi gani. Zikitofautiana kupita kiasi, kompyuta huikatia mota umeme, springi huacha upenyo mdogo, na gari hujikokota tu. Dereva asidhani limekufa, limejilinda.

Lakini dalili hizo si za throto mbovu pekee. Masizi yakiganda pembezoni mwa kipepeo, sailensa hupanda na kushuka. Throto hiyo ni ya kusafishwa, si ya kutupwa. Mpira wa hewa uliopasuka nao huleta usumbufu kama huo. Tena kuna panya! Gari linalolazwa ghalani karibu na magunia huweza kuliwa nyaya, na mashine ya kupimia ikaonyesha kana kwamba sensa ya throto ndiyo iliyokufa.

Basi fundi asome namba za hitilafu na kuziandika. P2135 maana yake sensa hazikubaliani. P0171 yaonyesha hewa imezidi petroli, na hapo mpira wa hewa ukaguliwe mapema. Hata hivyo, namba peke yake haitoshi. Achomoe soketi, atazame kutu, apime kama volti 5 za sensa zafika. Zisipofika, ubovu uko kwenye nyaya au kompyuta, na throto mpya haitasaidia kitu. Zikifika, nyaya zikiwa nzima, na kipepeo kilichosafishwa bado kinakwama, throto ibadilishwe.

Injini ipoe kwanza, na waya hasi wa betri ufunguliwe. Kidole kisitiwe kwenye kipepeo wakati swichi imewashwa, kwani mota yaweza kukifunga ghafula. Katika injini nyingi maji ya rejeta hupita ndani ya throto, hivyo mipira yake ibanwe yasimwagike. Gasketi iwe mpya. Kisha kompyuta ifundishwe sailensa upya kwa kufuata kitabu cha gari hilo. Kazi hii ikirukwa, throto mpya yaweza kuzimisha gari kama ile ya kwanza, na fundi akaagiza ya tatu.

Throto iliyotolewa irudishwe chamani, na karatasi yenye namba za hitilafu iambatishwe kwenye vocha ya malipo.