Sumu na Unga Havipandi Gari Moja



Siku ya soko watazame watu wanaorudi Theta kutoka Thika au Ruiru. Mmoja amepanda pikipiki, na mapajani ameshika kiondo. Ndani ya kiondo mna pakiti mbili za unga, sukari, mkate wa watoto, na chini kabisa chupa ya lita moja ya dawa ya kupulizia nyanya. Nyuma yake, kwa kamba ya mpira, umefungwa mtungi wa plastiki wenye petroli ya pampu ya maji. Barabara ina mashimo, na kila shimo linapopita chupa hugongana na mkate.

Mtu huyo si mjinga wala si mzembe. Anataka kumaliza shughuli zake zote kwa nauli moja, kama wewe na mimi. Lakini katika safari hiyo ya nusu saa amefanya mambo ambayo dereva wa lori aliyefunzwa kuchukua mizigo ya hatari hukatazwa kabisa.

Dawa ya shamba hupita katika mikono ya watu wengi kabla ya kukufikia wewe. Kiwandani, bandarini na katika malori makubwa kuna kanuni zake, na wapo watu waliofundishwa kuzifuata. Lakini kipande cha mwisho cha njia, toka dukani mpaka ghalani kwako, hakina mwingine. Dereva ni wewe, na msimamizi ni wewe. Kwa hiyo yafaa ujue yale wanayofundishwa wenzako wa malori, kwa maana hayahitaji fedha nyingi, yahitaji uangalifu tu.

MAMBO YALIYOPATA WATU WENGINE

Mwaka 1967 watu wa mji wa Doha katika nchi ya Qatar, na wa mji wa Hofuf katika Saudi Arabia, walianza kuanguka kwa kifafa ghafula baada ya kula mkate. Watu 874 walilazwa hospitalini, na 26 wakafa. Madaktari walipochunguza waligundua kwamba unga wa mkate ule ulikuja kwa meli, na katika chumba kile kile cha shehena ilipakiwa dawa ya kuua wadudu iitwayo endrin. Dawa iliwekwa juu, unga chini. Dawa ilivuja, unga ukainywa. Wala moto wa tanuri la mwokaji haukuiondoa sumu ile.

Miaka tisa kabla ya hapo, yaani mwaka 1958, jambo kama hilo lilitokea Kerala, katika Bara Hindi. Huko unga wa ngano ulisafirishwa pamoja na dawa iitwayo parathion, na zaidi ya watu 100 walikufa.

Angalia vizuri, ndugu yangu. Watu wale hawakuinywa dawa, wala hawakuipulizia shambani. Wengi wao hawakupata hata kuiona. Waliuawa na jinsi mzigo ulivyopangwa. Na kiondo juu ya pikipiki ni kama chumba cha meli ile, tofauti ni ukubwa tu.

FUNDISHO LA KWANZA: UJUE MZIGO WAKO

Dereva aliyefunzwa haondoki kabla ya kujua amechukua nini. Tangu mwaka 1956 Umoja wa Mataifa umekuwa ukitoa kitabu cha kanuni za kusafirisha vitu vya hatari, na vitu hivyo vimegawanywa katika mafungu 9. Kila fungu lina alama yake, nayo ni mraba uliosimama juu ya pembe moja. Mraba mwekundu wenye picha ya moto ni alama ya vitu vya maji vinavyowaka upesi, kama petroli. Mraba mweupe wenye fuvu la kichwa na mifupa miwili ni alama ya sumu. Ukiona katika barabara kuu ya Thika lori la tangi lenye namba 1203, ujue limebeba petroli. Namba 1202 ni dizeli, na 1223 ni mafuta ya taa.

Chupa ya dawa ya shamba nayo ina alama zake. Tazama utepe wa rangi ulio chini ya lebo. Rangi nyekundu ni sumu kali kabisa. Rangi ya manjano ni sumu ya kudhuru sana. Rangi ya buluu inakuambia ujihadhari. Rangi ya kijani ni ya dawa ambayo hatari yake ni ndogo ikitumiwa kama ilivyoelezwa; lakini hata hiyo si maji ya kunywa.

Nunua katika duka lenye leseni, na uangalie kama lebo ina namba ya kuandikishwa na bodi ya Serikali inayosimamia dawa hizo, iitwayo PCPB. Chupa isiyo na lebo usiichukue hata ukiuziwa kwa nusu ya bei. Usipojua kilichomo ndani, hutajua la kufanya kikimwagika.

FUNDISHO LA PILI: TENGANISHA

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Dawa isikae pamoja na chakula cha watu, chakula cha mifugo, mbegu, nguo wala watoto. Kama gari ni pikapu, dawa ikae nyuma, na watu wakae mbele. Unga na chakula cha ng'ombe viende safari nyingine. Kama haiwezekani, dawa itiwe ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana, ifungwe upande wa mbali, chini, wala isiwekwe juu ya kitu chochote kinacholiwa. Gunia hunywa maji. Likiisha kunywa dawa huwezi kulisafisha.

Matatu si mahali pa dawa. Mtu anayeificha chini ya kiti anawasafirisha abiria wote pamoja na sumu bila wao kujua.

Jihadhari zaidi na vidonge vya kufukizia mahindi ghalani, vilivyotengenezwa kwa aluminium phosphide. Vidonge hivyo vikipata unyevu, hata ule wa hewani, hutoa hewa ya sumu inayoua. Visikae kamwe katika chumba cha dereva au abiria, wala mfukoni, wala katika nyumba ya kulala. Kopo likiwa limefunguka au limetoboka, usilipokee.

Mbolea ya CAN si sumu kama dawa hizo, lakini usiipakie pamoja na petroli au dizeli. Mbolea hiyo ina kitu kinachouongezea moto nguvu.

FUNDISHO LA TATU: FUNGA, TENA ACHA CHUPA YAKE

Kabla ya kupakia, pinda chupa kidogo uone kama kifuniko kinavuja. Ondoa misumari na mawe katika gari. Simamisha chupa wima, zizungushie magazeti au nyasi kavu zisigongane, kisha uzifunge. Usiziache juani, wala usiache gari peke yake sokoni likiwa na mzigo huo.

Wako watu wanaogawana lita moja ya dawa dukani, kila mmoja akatia robo yake katika chupa ya soda. Desturi hii imeua watoto wengi. Mtoto akirudi kutoka shuleni na kiu, akaona chupa ya soda mezani, atafanya nini? Atakunywa. Afadhali ununue chupa ndogo iliyofungwa kiwandani, hata kama bei yake kwa kipimo ni kubwa kidogo.

FUNDISHO LA NNE: PETROLI HAINA RAFIKI

Petroli haiwaki kwa maji yake, huwaka kwa mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukutane na moto ulio mbali. Kwa hiyo tumia mtungi uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye kifuniko kinachobana. Unapojazwa, mtungi uwe chini ardhini, si juu ya gari. Usiujaze mpaka shingoni, kwa maana petroli ikipata joto huvimba. Usiweke mtungi ndani ya gari pamoja na watu, na mtu yeyote asivute sigara karibu nao.

Na likianguka lori la mafuta njiani, kimbia. Wala usikimbilie kuchota. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka na watu wakaja na madebe na mitungi. Moto ulipolipuka watu zaidi ya 100 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019, mambo yakawa yale yale pale Msamvu, Morogoro, nchini Tanzania, na huko nako walikufa zaidi ya 100. Madebe machache ya mafuta yaliacha mayatima wangapi?

FUNDISHO LA TANO: DAWA IKIMWAGIKA

Simama. Waondoe watu na wanyama. Asiwepo mwenye sigara. Vaa glavu na viatu vya mpira. Mwagia udongo mkavu, mchanga au vumbi la mbao juu ya dawa, uache inyonywe, kisha uzoe yote utie ndani ya mfuko mzito au debe lenye kifuniko. Andika juu yake neno SUMU, ukamwulize bwana shamba pa kulipeleka.

Usimwagie maji ili dawa ipotee. Haipotei, inahama tu. Maji ya mito ya Theta, Ndarugu na Ruiru huteremka mpaka Athi, na njiani kuna watu wanaochota na ng'ombe wanaokunywa. Kwa sababu hiyo hiyo, gari lililopakia dawa lisioshwe mtoni.

Dawa ikimpata mtu mwilini, mvue nguo mara moja na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Ikiwa ameimeza, usimtapishe kwa kidole, wala usimpe maziwa kwa sababu jirani amesema, fuata lebo. Dalili za dawa nyingi za wadudu ni kichwa kuuma, jasho jingi, mate kutoka, kutapika, mwili kutetemeka na pumzi kuwa nzito. Usingoje dalili ziwe nyingi. Mpeleke hospitali, Thika au Ruiru, ipi iliyo karibu, na uchukue lebo au chupa uende nayo. Daktari akijua jina la dawa, atajua matibabu yake bila kubahatisha.

TUTAPATA WAPI FEDHA?

Najua utasema, "Haya yote ni mazuri, lakini mimi sina pikapu." Ni kweli. Lakini wakulima kumi wa mtaa mmoja, kila mmoja akienda dukani mara nne kwa msimu, wamefanya safari arobaini, nao wamelipa nauli arobaini. Kama wangekaa pamoja katika chama chao, wakaandika mahitaji yao, wakakodi pikapu moja mwanzo wa msimu kwa kazi hiyo tu, huenda gharama ya kila mmoja ingepungua, na hatari ingepungua zaidi. Mchagueni mtu mmoja mwenye busara, mwombeni bwana shamba amfundishe, naye ndiye awe mchukuzi wenu. Mpeni ndoo mbili zenye vifuniko, glavu, sabuni, dumu la maji safi, debe la mchanga mkavu na koleo. Vitu hivyo mnavyo nyumbani tayari.

Tena, mzigo ulio salama kuliko yote ni ule usionunuliwa. Wazee waliolima kahawa wanakumbuka jinsi ugonjwa wa matunda ya kahawa ulivyowafanya wapulizie dawa mara kwa mara. Mwaka 1985 watafiti wa kahawa pale Ruiru, jirani zetu hapa, walitoa aina iitwayo Ruiru 11, ambayo huhimili ugonjwa huo na kutu ya majani pia. Mkulima aliyeipanda alipunguza chupa za kubeba. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa, muulize bwana shamba: je, iko mbegu inayohimili? Je, nahitaji lita ngapi hasa? Usinunue ya kuweka akiba.

KABLA HUJAONDOKA DUKANI

Jiulize maneno haya matano, na uwafundishe watoto wako wayajue kwa moyo:

1. Je, najua nilichobeba, na lebo iko?
2. Je, kimetengwa na chakula na watu?
3. Je, kimefungwa kisiweze kuanguka wala kuvuja?
4. Je, nina udongo, maji na sabuni kama kikimwagika?
5. Je, nikifika nyumbani nitakifungia wapi kwa kufuli?

Kama jibu la moja ni "hapana", usiondoke kwanza. Mkulima hununua dawa ili aokoe mazao, na mazao ni ya kulisha jamaa yake. Basi itakuwa ni hasara gani ikiwa nyanya zimepona, na waliokuwa wazile hawapo?

Kuna methali isemayo, tahadhari kabla ya hatari. Siku ya soko ijayo, anza na kiondo chako.