Hoteli Zinavyowapokonya Waomba Hifadhi Daktari

Nchini England, aliyeomba hifadhi na angali anasubiri jibu hutibiwa bure, kwa daktari wa mtaa na hospitalini pia. Mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya umma, unasema wazi kwamba kukosa kitambulisho au uthibitisho wa anwani si sababu ya kumkatalia mtu kujiandikisha. Haki hiyo haijafutwa. Kinachobomoka ni njia ya kuifikia, na chanzo kikubwa ni makazi.

Awali mpango ulikuwa mgeni akae wiki chache katika kituo cha mapokezi, apimwe afya, kisha apelekwe kwenye nyumba mjini. Tangu janga la UVIKO-19 mwaka 2020, hoteli zilizokodiwa kwa dharura zimegeuka makazi ya miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Septemba 2023 waliokuwamo walizidi 56,000. Idadi imeshuka baadaye, ila kuhamishwa kwa taarifa fupi kumebaki. Mjamzito anatolewa London na kupelekwa kaskazini: miadi ya kliniki inabaki London, barua ya rufaa inafika kwenye hoteli aliyokwisha kuihama, na foleni ya mtaalamu anaianza upya. Kwa mwenye kifua kikuu, dawa kukatika njiani kunaweza kuzaa usugu.

Halafu kuna pesa. Mwaka 2025, anayelishwa hotelini alipewa pauni 9.95 kwa wiki; dawa moja iliyoandikwa na daktari iligharimu pauni 9.90. Kinachomwokoa ni cheti cha HC2, ambacho humwondolea gharama ya dawa, meno na kupimwa macho. Lakini cheti kina mwisho wake. Akikitumia kwa mfamasia kikiwa kimepitwa na wakati, anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 100, na fomu ya kuomba kingine ni ndefu mno kwa asiyejua Kiingereza.

Wanaojitolea hufanya kazi kubwa: kumsindikiza mgonjwa mapokezi, kudai mkalimani wa simu ili mtoto asitafsiri maradhi ya mamake, kupiga picha maboksi ya dawa kabla ya safari. Nawaheshimu sana. Hata hivyo, hawawezi kuziba pengo linalofunguliwa upya kila basi linapoondoka. Mkandarasi wa serikali huijua tarehe ya uhamisho kabla ya mgonjwa mwenyewe. Daktari naye angejulishwa mara tu mkandarasi anapoijua tarehe hiyo, kwa ridhaa ya mgonjwa, muhtasari wa matibabu na dawa za mwezi mzima vingekuwa tayari kabla ya basi kufika.